SOMO LA KUMI NA NNE: KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA, KIASI GANI KINATOSHA?

Katika somo lililopita ulijifunza sehemu mbili kuu za kompyuta. Uliona kwamba prosesa ndiyo ifanyayo hesabu, na kwamba diski ndiyo itunzayo kazi zako hata umeme unapozimwa. Katika somo hili utajifunza sehemu ya tatu, yaani kumbukumbu. Utajifunza pia jinsi ya kujibu swali ambalo watu wengi hulijibu kwa kubahatisha: Kompyuta ya nyumbani inapokuwa nzito, je, iongezewe kumbukumbu? Na kama ni kuongezewa, iongezewe kiasi gani?

Swali hili si la mafundi peke yao. Katika nyumba nyingi zenye kompyuta, kompyuta hiyo ni moja tu na wanaoitegemea ni wengi. Mama huandikia hesabu za biashara yake, kaka huandikia barua za kuomba kazi, nawe huitumia kujisomea. Fedha za kuitengeneza huwekwa kidogo kidogo. Zikinunua kitu kisichohitajika, kompyuta itabaki nzito kama ilivyokuwa, na fedha hazitarudi. Mtu aliyejifunza sayansi hanunui kwanza akapima baadaye. Yeye hupima kwanza.

1. Ungo na gunia

Bila shaka umewahi kumwona mtu akichagua mchele. Mchele wote umo ndani ya gunia, lakini hakuna achaguaye mchele ndani ya gunia. Mchaguaji huchota kiasi, hukimimina juu ya ungo na kukitandaza, kisha vidole vyake huondoa chuya na mawe. Akimaliza, huweka kando mchele ulio safi na kuchota tena.

Kompyuta hufanya kazi kwa namna kama hiyo. Diski ni kama gunia: hutunza vitu vingi kwa muda mrefu. Kumbukumbu ni kama ungo: ndipo vinapowekwa vile vinavyoshughulikiwa sasa hivi. Prosesa ni kama vidole: ndiyo ifanyayo kazi yenyewe. Unapofungua barua uliyoiandika jana, nakala yake hutolewa katika diski na kuwekwa katika kumbukumbu. Unapofungua na picha, nayo huwekwa humo humo kando ya barua. Mafundi wengi madukani huiita kumbukumbu hiyo ramu.

Sasa fikiri. Ungo ukiwa mdogo mno, mchaguaji hutumia muda mwingi kwenda na kurudi gunia liliko. Akipewa ungo mkubwa zaidi, safari hupungua na kazi humalizika mapema. Lakini ikiwa mchele wa kupika leo ni kibaba kimoja tu, ungo mpana kama mkeka hautamsaidia kitu. Sehemu kubwa ya ungo huo itakaa tupu. Tena ungo mkubwa hauongezi wepesi wa vidole.

Mfano huu una mpaka wake. Taa ikizimika, mchele hubaki juu ya ungo. Umeme wa kompyuta ukikatika, vyote vilivyokuwa katika kumbukumbu hupotea mara moja. Ndiyo sababu unafundishwa kuhifadhi kazi yako katika diski kila baada ya muda mfupi.

2. Jinsi kumbukumbu inavyopimwa

Kipimo kidogo kuliko vyote cha kumbukumbu huitwa biti. Biti moja hubeba jibu moja kati ya mawili: 0 au 1. Biti 8 hufanya baiti 1. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti 1, kwa hiyo neno "shule" huchukua baiti 5.

Vipimo vikubwa zaidi ni hivi:

Baiti 1,024 = kilobaiti 1 (KB)
Kilobaiti 1,024 = megabaiti 1 (MB)
Megabaiti 1,024 = gigabaiti 1 (GB)

Ndani ya kumbukumbu za siku hizi, kila biti hutunzwa na transista moja na kapasita moja ndogo sana. Kapasita yenye chaji ya umeme huweza kusimama badala ya 1, na isiyo na chaji badala ya 0. Mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM nchini Marekani alibuni mpango huo mwaka 1966. Kapasita hiyo ni kama mtungi unaovuja. Chaji yake hupungua yenyewe, hivyo sharti ijazwe tena na tena. Kwa kawaida kila kapasita hujazwa upya katika muda usiozidi milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 katika kila sekunde. Sasa unaelewa kwa nini kumbukumbu husahau umeme unapokatika: hakuna tena wa kuijaza mitungi.

Watu walianza zamani kuziongezea kumbukumbu kompyuta za nyumbani. Mwaka 1981 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilianza kuuza kompyuta ndogo iitwayo ZX81. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1 tu. Kompyuta hiyo iliunganishwa na televisheni, nayo ilionyesha mistari 24 yenye nafasi 32 za herufi katika kila mstari. Zidisha 24 kwa 32, utapata 768. Kujaza kioo chote maandishi kulihitaji baiti zisizopungua hizo, yaani robo tatu ya kumbukumbu yote! Programu yenyewe iwekwe wapi? Ndiyo maana kiliuzwa kisanduku cha kilobaiti 16, ambacho kilichomekwa nyuma ya kompyuta. Mnunuzi wa kisanduku hicho hakuwa na shaka juu ya haja yake. Upungufu ulionekana wazi kwa hesabu ya darasani.

Siku hizi hesabu ni kubwa zaidi, lakini swali ni lile lile: Kazi inahitaji kiasi gani, na kilichopo ni kiasi gani?

3. Jaribio la kwanza: Safari za kadi

Katika jaribio hili utachunguza jinsi ukubwa wa kumbukumbu unavyobadili idadi ya safari za kwenda kwenye diski.

Vifaa: kadi 6 zenye namba 1 hadi 6, madawati mawili, chaki, daftari na kalamu.

Fanya hivi:

(a) Weka kadi zote juu ya dawati lililo mwisho wa darasa. Dawati hilo ni diski.

(b) Juu ya dawati la mbele chora kwa chaki vyumba 2, kila kimoja kitoshe kadi moja. Vyumba hivyo ni kumbukumbu.

(c) Mwenzako asome namba hizi moja baada ya nyingine: 1, 2, 3, 1, 2, 4, 1, 5, 2, 1, 6, 3, 1, 2, 4, 5.

(d) Namba ikisomwa, tazama kwanza vyumba vya mbele. Kadi hiyo ikiwamo, iguse tu kwa kidole. Isipokuwamo, nenda kaichukue katika dawati la nyuma na uandike safari moja katika daftari.

(e) Vyumba vikiwa vimejaa, rudisha kwanza ile kadi iliyokaa muda mrefu kuliko nyingine bila kuguswa. Ukifika nyuma uiache, uchukue mpya. Hiyo ni safari moja.

(f) Namba zikiisha, rudisha kadi zote nyuma. Rudia jaribio ukiwa na vyumba 4, kisha 6, kisha 8.

Ukifuata kanuni bila kukosea, utapata matokeo haya:

Jedwali la 1
Vyumba 2: safari 16
Vyumba 4: safari 9
Vyumba 6: safari 6
Vyumba 8: safari 6

Chunguza jedwali hilo kwa makini. Tulipoongeza vyumba kutoka 2 hadi 4, tuliokoa safari 7. Tulipoongeza kutoka 4 hadi 6, tuliokoa safari 3. Tulipoongeza kutoka 6 hadi 8, hatukuokoa hata safari moja. Kwa nini? Kazi yetu ilihitaji kadi 6 tu. Vyumba viwili vya mwisho havikupata kadi ya kukaa ndani yake.

Tunajifunza kanuni kubwa ya somo hili: Kuongeza kumbukumbu huleta faida mpaka kazi yote ienee. Kazi ikishaenea, nyongeza haiharakishi kitu.

Angalia jambo jingine pia. Hata ulipokuwa na vyumba 8, safari 6 za kwanza hazikuepukika, kwa kuwa kila kadi ilipaswa kuletwa mara moja. Vivyo hivyo, programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza sharti itoke katika diski. Kumbukumbu nyingi haiondoi safari hiyo ya kwanza.

4. Kwa nini safari hizo zina gharama kubwa

Kompyuta ikikosa nafasi katika kumbukumbu, haisimami. Huchukua vile vilivyokaa bila kutumika na kuviweka kwa muda katika diski, kisha huvirudisha vinapohitajika. Mtumiaji haoni safari hizo, bali huona kompyuta imekuwa nzito.

Prosesa huweza kupata kitu kilichomo katika kumbukumbu kwa muda wa nanosekunde 100 hivi. Nanosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Diski yenye sahani inayozunguka huchukua milisekunde 10 hivi kupata kitu, kwa sababu kichwa chake cha kusomea sharti kisogee, na sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa pafike chini yake. Diski ya kisasa isiyozunguka, ambayo haina sehemu yoyote inayosogea, huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Namba hizi ni ndogo mno, nasi hatuwezi kuzihisi. Basi tuzikuze. Tuseme kupata kitu katika kumbukumbu kunachukua sekunde 1, kama kuinua kadi iliyo mbele yako. Kwa kipimo hicho, kukitafuta katika diski isiyozunguka kungechukua sekunde 1,000, yaani dakika 17 hivi. Kukitafuta katika diski inayozunguka kungechukua sekunde 100,000, yaani zaidi ya siku nzima. Mchaguaji gani wa mchele angestahimili gunia lililo mbali kiasi hicho?

5. Kupima haja ya nyumbani

Sasa tunaweza kupima kompyuta iliyo nyumbani. Omba ruhusa ya mwenyewe, kisha fanya naye kazi hii. Maelezo yafuatayo ni ya kompyuta zinazoendeshwa na Windows 10 au Windows 11.

Hatua ya kwanza: Fungua kwa pamoja programu zote ambazo kwa kweli hutumiwa pamoja siku yenye kazi nyingi. Usifungue zile ambazo hazitumiki kamwe, wala usiache moja inayotumika. Kipimo cha uongo huleta ununuzi wa uongo.

Hatua ya pili: Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la kusimamia kazi. Chagua sehemu ya utendaji, halafu kumbukumbu. Katika daftari lako andika: kumbukumbu iliyomo kwenye kompyuta, kumbukumbu ambayo bado inapatikana, na jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa. Jumla hiyo huandikwa kama namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju. Iliyo mbele ni ahadi zilizokwisha kutolewa, na iliyo nyuma ni kikomo cha ahadi.

Usishtuke ukiona sehemu kubwa ya kumbukumbu imekaliwa. Kompyuta hutumia nafasi isiyo na kazi kuwekea vitu inavyodhani vitahitajika tena, na huviondoa mara programu inapotaka nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo tazama kiasi kinachopatikana na ahadi zilizotolewa.

Hatua ya tatu: Linganisha. Ikiwa ahadi ni ndogo kuliko kumbukumbu iliyomo, na bado kuna nafasi ya kutosha, ungo unatosha. Uzito wa kompyuta una sababu nyingine. Ikiwa ahadi zimezidi sana kumbukumbu iliyomo, na nafasi inayopatikana imekaribia kwisha, ungo ni mdogo.

Hatua ya nne: Kabla ya kufikiria dukani, funga visivyohitajika. Programu nyingi hujifungua zenyewe kompyuta inapowashwa, na kurasa nyingi zikiachwa wazi katika kivinjari hula kumbukumbu. Pima tena. Huenda dawa ikapatikana bila kutumia hata shilingi moja.

Hatua ya tano: Upungufu ukiwa bado upo, kadiria haja. Chukua jumla ya ahadi na uongeze robo yake iwe akiba, kwa kuwa kazi hukua. Ahadi huzidi kidogo kile kinachotumika hasa, hivyo makadirio haya hayatakupunja.

Mfano. Familia moja ina kompyuta yenye gigabaiti 4. Katika siku yenye kazi nyingi, baada ya kufunga visivyohitajika, ahadi ni gigabaiti 6. Robo ya 6 ni 1.5. Kwa hiyo haja ni 6 + 1.5 = gigabaiti 7.5. Kipimo cha kawaida kilicho karibu na kinachotosha ni gigabaiti 8. Muuzaji akiisifia familia hiyo gigabaiti 16, akisema kwamba nyingi ni bora daima, watamwuliza: Gigabaiti 8 za ziada zitabeba kadi ipi?

Jibu la familia nyingine laweza kuwa tofauti. Anayetengeneza filamu, au anayefungua picha nyingi kubwa kwa pamoja, huenda akahitaji gigabaiti 16 au zaidi, na fedha yake haitapotea. Usichukue jibu la jirani. Chukua njia ya kupima.

Kumbuka pia kwamba kiasi cha chini kinachotajwa na watengenezaji ni kiasi cha kuwezesha programu kuwekwa, siyo cha kufanyia kazi zote kwa urahisi. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, iliwekewa kiasi cha chini cha gigabaiti 4. Mfumo wenyewe hukalia sehemu ya hizo kabla hujafungua programu hata moja.

6. Mipaka ya mashine

Haja ikijulikana, sharti tuulize kama mashine inaweza kuipokea. Kuna mipaka minne.

Mpaka wa kwanza ni nafasi za kuchomekea. Kumbukumbu huuzwa katika vipande virefu vyembamba, na kila kipande huchomekwa katika nafasi yake. Kompyuta nyingi za mezani zina nafasi 2 au 4. Kompyuta za mapajani huwa na 2, au 1, au hazina kabisa, kwa sababu kumbukumbu yake imelehemiwa moja kwa moja katika ubao wa saketi. Hiyo ya mwisho haiongezeki.

Mpaka wa pili ni aina. Kipande cha DDR3 hutumia volti 1.5, cha DDR4 volti 1.2, na cha DDR5 volti 1.1. Kila aina ina pengo dogo mahali tofauti ili isiingie katika nafasi isiyo yake. Kipande kikikataa kuingia, usikilazimishe. Vipande vya kompyuta ya mapajani pia ni vifupi kuliko vya kompyuta ya mezani.

Mpaka wa tatu ni kiasi cha juu ambacho ubao wa saketi hukubali. Kiasi hicho huandikwa katika kitabu cha maelezo cha mashine. Kisome kabla ya kununua.

Mpaka wa nne ni anwani. Kila baiti katika kumbukumbu ina namba yake, kama nyumba katika mtaa. Anwani yenye biti 2 huweza kutaja baiti 4 tu, yenye biti 3 hutaja baiti 8, na kila biti inayoongezeka huzidisha kwa 2. Anwani yenye biti 32 hutaja baiti 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. Kwa hiyo Windows ya biti 32 ya nyumbani haiwezi kutumia zaidi ya hapo, hata kumbukumbu ikiongezwa namna gani. Hakikisha kwamba mfumo ni wa biti 64.

Turudi kwenye familia ya mfano wetu. Kompyuta yao ina nafasi 2, na kila moja ina kipande cha gigabaiti 2. Nafasi zimejaa, hivyo kuongeza ni lazima kuondoa. Njia zao ni hizi:

Jedwali la 2
Njia A: 2 + 4 = GB 6. Haifikii haja ya 7.5.
Njia B: 4 + 4 = GB 8. Inatosha.
Njia C: 8 peke yake = GB 8. Inatosha, na nafasi moja inabaki.
Njia D: 8 + 8 = GB 16. Imezidi haja maradufu.

Njia A ni rahisi kwa bei, lakini baada ya muda mfupi watarudi dukani. Kati ya B na C kuna jambo la kupima. Katika kompyuta nyingi, vipande viwili vilivyo sawa husomwa kwa pamoja, kama njia mbili zinazoelekea sokoni, na hivyo data hupita kwa wepesi zaidi. Kwa upande mwingine, kipande kimoja huacha nafasi ya siku zijazo. Lakini wakisoma katika kitabu cha mashine kwamba kila nafasi hupokea gigabaiti 4 tu, basi swali limekwisha: ni njia B.

7. Kumbukumbu isipokuwa dawa

Mganga hatoi dawa moja kwa kila homa. Tazama dalili.

Kompyuta ikiwa nzito hasa unapotoka programu moja kwenda nyingine, na kumbukumbu inayopatikana imekwisha, dalili hizo ni za upungufu wa kumbukumbu.

Kompyuta ikichelewa sana kuwaka na kufungua programu ya kwanza, ilhali kumbukumbu bado ipo tele, tazama diski. Ikiwa diski ni ile inayozunguka, fedha hizo hizo zikinunua diski isiyozunguka huenda zikaleta nafuu kubwa zaidi.

Kompyuta ikiwa nyepesi asubuhi na nzito baada ya saa moja, huku imepata joto jingi, huenda feni imejaa vumbi. Kusafisha ndiyo dawa.

Kompyuta ikichelewa katika kurasa za intaneti peke yake, kagua mtandao. Ungo mkubwa haufupishi njia ya kwenda shambani.

8. Jaribio la pili: Umeme tuli

Vifaa: kalamu ya plastiki, kitambaa kikavu na vipande vidogo vya karatasi.

Sugua kalamu kwa kitambaa mara 20, kisha isogeze karibu na vipande vya karatasi. Unaona nini? Karatasi huvutwa na kalamu. Kalamu imepata chaji ya umeme tuli. Mwili wako pia huweza kupata chaji kama hiyo, hasa wakati wa hewa kavu.

Mtu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli inapofika volti 3,000 hivi. Transista ndogo zilizomo katika kipande cha kumbukumbu huweza kuharibiwa na volti chache sana kuliko hizo. Maana yake ni kwamba waweza kukiharibu kipande bila kuhisi kitu chochote. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuchomeka kumbukumbu ifanywe na mtu mzima aliyefundishwa, naye afuate masharti haya: azime kompyuta na kuchomoa waya wa umeme, aondoe betri ikiwa inatoka, aguse sehemu ya chuma ya kasha ili mwili wake upoteze chaji, na ashike kipande kwa kingo zake, asiguse meno ya shaba.

Kazi ikishakwisha, pimeni tena kama mlivyofanya katika hatua ya pili, mkifungua programu zile zile. Linganisheni namba za kwanza na za mwisho. Bila kipimo cha pili hamtajua kama fedha imefanya kazi yake.

Muhtasari

1. Kumbukumbu huwekewa vitu vinavyoshughulikiwa sasa, na husahau umeme unapokatika.
2. Kumbukumbu ikipungua, kompyuta hufanya safari nyingi za kwenda kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno.
3. Nyongeza huleta faida mpaka kazi ienee. Zaidi ya hapo hukaa bure.
4. Kadiria haja kwa kuchukua ahadi za siku yenye kazi nyingi na kuongeza robo yake.
5. Kabla ya kununua, kagua nafasi, aina, kiasi cha juu na biti za mfumo.

Maswali

1. Kwa nini kapasita za kumbukumbu hujazwa chaji tena na tena?
2. Rudia jaribio la kwanza ukitumia vyumba 3, kisha 5. Andika idadi ya safari. Je, matokeo yanakubaliana na kanuni ya somo?
3. Kompyuta ina gigabaiti 8. Ahadi katika siku yenye kazi nyingi ni gigabaiti 5. Mwenye kompyuta anataka kununua gigabaiti 8 nyingine. Mpe ushauri na ueleze sababu zako kwa hesabu.
4. Kompyuta nyingine ina gigabaiti 8, na ahadi ni gigabaiti 12. Kadiria haja yake. Ikiwa ina nafasi 2, na moja iko tupu, inunuliwe nini?
5. Anwani ya biti 16 huweza kutaja baiti ngapi? Hizo ni kilobaiti ngapi?
6. Kazi ya nyumbani: Tembelea duka la kompyuta ukiwa na mtu mzima. Uliza bei ya kipande cha gigabaiti 4 na cha gigabaiti 8 vya aina moja. Tafuta bei ya gigabaiti moja katika kila kipande. Je, kile chenye bei ndogo kwa kila gigabaiti ndicho kinachofaa zaidi kwa nyumba yenye haja ya gigabaiti 4 tu? Jadili na wenzako darasani.